Mwendo wa Sabini na Tisa

Kabla askari hajamaliza kugeuza simu upande wake, Januarius alikwisha kujua kuwa gari lile kwenye picha halikuwa lake. Lilikuwa jeupe kama lake, dogo kama lake, namba zimefunikwa na tope. Lakini juu lilikuwa na keria, na kwenye keria magodoro matatu yamefungwa kwa kamba. Gari alilokuwa akiendesha yeye halikuwahi kuwa na keria. Chini ya picha paliandikwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, na mwendo: sabini na tisa, mahali penye kibao cha hamsini.

"Afande, hili si gari langu."

"Leseni iliyoachwa ni ya nani?"

"Ni yangu. Lakini angalia hayo magodoro."

Askari aliangalia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafua na macho yamemwiva. "Mimi sikuwa barabarani siku hiyo," alisema. "Mwenzangu wa tochi ya kupimia mwendo alituma picha, wa mbele akakusimamisha wewe. Ukikubali, unalipa faini, unachukua leseni yako. Ukikataa, tunakupeleka mahakamani, unaenda kumwonyesha hakimu hayo magodoro. Ni haki yako."

"Nakataa," alisema Januarius, na akapangiwa Jumatano ya wiki iliyofuata.

Alitoka kituoni akiwa na nguvu kidogo. Mwenye gari, mzee Maige, alikuwa amemwambia wazi tangu mwaka jana: ukiandikiwa mwendo kasi mara ya tatu, acha ufunguo mezani. Hii ilikuwa ya tatu. Zile mbili za kwanza zilikuwa za haki, alikuwa akiwahi abiria. Hii haikuwa ya kwake, na picha ilikuwa inasema hivyo yenyewe.

Ila alipofika nyumbani na kumweleza mkewe Specioza, mkewe hakufurahi. Aliendelea kupepeta mchele, kisha akauliza, "Kwa hiyo utamwambia hakimu ulikuwa unakwenda ngapi?"

Januarius alitoka nje akaketi barazani.

Asubuhi ile ya picha alikuwa amembeba Nyanjige, mke wa jirani yao Bujiku, kutoka kijijini kwao kule Sapiwi kwenda hospitali mjini Bariadi. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri na mtoto hashuki. Mama mkwe wake alikuwa Bukundi msibani, kwa hiyo Bujiku mwenyewe alikaa kiti cha nyuma na kichwa cha mkewe mapajani. "Kimbiza, ngosha, ndugu yangu," alikuwa akisema. "Kimbiza." Bujiku hakuwahi kuendesha hata pikipiki. Gari lilikuwa likitetemeka na kugonga kila mahali, mshale wa mwendo ulikuwa umekufa siku nyingi kwenye sifuri, na kwa mtu mwenye hofu gari linalopiga kelele namna ile lilikuwa linapaa.

Halikuwa linapaa. Tairi la mbele la kulia lilikuwa linacheza. Lilianza kucheza wiki mbili nyuma, fundi alimwambia asilipeleke mbali, na yeye akasema atalitengeneza baada ya mnada. Lilipokanyaga lami alisikia usukani ukivuta pembeni, akaona katika mawazo tairi likichomoka na wote watatu wako mtaroni. Akaweka gia ya tatu na hakuivuka. Arobaini, labda pungufu. Hakumwambia Bujiku. Alishika usukani kwa mikono yote miwili mpaka vidole vikafa ganzi, na mara kwa mara akapiga honi, ionekane kuwa wana haraka.

Karibu na mji gari jeupe lenye magodoro liliwapita kwa kishindo, likakata kushoto kuelekea sokoni. Mbele kidogo askari wa kike akawasimamisha. "Sabini na tisa hapa!" alisema kwa ukali, kisha akachungulia nyuma, akamwona Nyanjige. "Niachie leseni. Nenda, nenda!"

Mtoto alizaliwa akiwa amechoka. Alikuwa wa kiume. Alipumua mara chache. Nesi alitoka akifuta mikono na kusema, bila kumlaumu mtu, kwamba wangefika hata nusu saa kabla pengine ingekuwa vingine.

Bujiku alimgeukia Januarius pale kwenye benchi, akamshika mkono. "Umefanya uwezavyo. Mpaka trafiki wamekuandika kwa ajili yetu."

Kwenye msiba wa mtoto aliyasema tena mbele ya watu. Januarius alikimbiza gari hadi akaandikiwa sabini na tisa; kama Mungu alikataa, alikataa Mungu, si jirani. Watu waliitikia. Wazee walimpa Januarius kiti.

Siku mbili kabla ya Jumatano alikwenda kwa Marcelo, binamu yake, aliyekuwa karani wa mahakama Maswa kabla hajastaafu. Marcelo alisikiliza, akavaa miwani, akacheka kwa furaha ya kazi aliyoizoea.

"Hii kesi unaishinda. Picha inatosha. Mpate na shahidi mmoja aliyekuwa ndani ya gari, aseme hamkuwa na keria na hamkukimbia."

"Aliyekuwa ndani ni Bujiku na mkewe."

"Hao hao. Na wewe useme mwendo wako. Hakimu atakuuliza: mna mgonjwa wa uzazi, kwa nini ulikwenda arobaini? Usidanganye mahakamani. Mwambie tairi."

"Niseme tairi mbele ya Bujiku?"

Marcelo alivua miwani. Mawazo yake yalikuwa hayajafika huko. Akapangusa vioo vilivyokuwa safi. "Basi lipa faini, ndugu yangu," alisema mwishowe.

"Nikilipa, Maige anachukua gari. Nina watoto wanne."

"Nimesikia."

Jioni ile Januarius alikwenda kwa Bujiku. Njiani alijipangia maneno. Angeanza na tairi, kabla ya lolote, aliseme akiwa bado amesimama, halafu wafanye watakalo. Bujiku alimsalimu kabla hajafika mlangoni. "Mwadila, jirani! Nimesikia wamekupeleka kwa hakimu. Usihangaike. Nakuja mwenyewe. Nitasimama niseme: ni kweli alikimbia, lakini alikuwa anaokoa watu. Hakimu naye si ana watoto?"

Nyanjige alikuwa amekaa kwenye mkeka ukutani. Kanga aliyojifunga kifuani ilikuwa imelowa maziwa upande mmoja, naye hakujishughulisha kuificha.

"Hatukukimbia," alisema.

Bujiku aligeuka. "Nini?"

"Kuna gari lilitupita. Nililiona dirishani. Lilikuwa na magodoro juu. Lilitupita kama sisi tumesimama."

"Mama, ulikuwa kwenye uchungu," Bujiku alisema kwa upole. "Uliona mengi siku ile. Ulimwita hata marehemu bibi yako."

"Bibi nilimwita. Magodoro niliyaona." Alimtazama Januarius moja kwa moja. "Shemeji, wewe ndiye uliyekuwa unaendesha. Halikutupita?"

Huyo alikuwa ndiye shahidi aliyetakiwa na Marcelo. Alikuwa ameketi pale mbele yake, anajua kila kitu, yuko tayari kusema. Januarius alifungua mdomo. Neno la tairi lilikuwa pale pale, karibu kabisa. Alimwona Bujiku akimsubiri, uso umetulia, uso wa mtu aliyepata mahali pa kuegemea. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Sikumbuki, shemeji. Nilikuwa natazama mbele."

Nyanjige aliendelea kumtazama kidogo. Kisha akainamisha kichwa, akavuta kanga, akaifunga upya. "Basi labda ni uchungu," alisema.

Januarius alirudi nyumbani akipita pembeni mwa mashamba ya pamba. Specioza alimuuliza yamekwendaje, akasema Bujiku atakuja mahakamani.

Jumatano Bujiku alikuja, amevaa koti la harusi yake, amekaa benchi la mbele. Marcelo naye alikuja na picha aliyoiomba kwa yule askari na kuichapisha, ameikunja ndani ya bahasha. Hata alipoitwa jina, Januarius hakuwa ameamua. Alidhani kwamba akisimama pale kitu kitaamua kwa niaba yake. Karani alisoma shtaka: mwendo, saa, mahali. Hakimu, mama wa makamo, aliinua macho.

"Umeyasikia. Ni kweli au si kweli?"

Marcelo aliinua bahasha kidogo kutoka magotini. Bujiku alikuwa anaitikia kwa kichwa kumtia moyo.

"Ni kweli," alisema Januarius.

"Sauti."

"Ni kweli, mheshimiwa."

Hakimu alimuuliza kama ana la kusema apunguziwe. Kabla hajajibu, Bujiku alisimama kwenye benchi lake akaanza kueleza habari ya mkewe, na askari akamwamuru akae. Lakini hakimu alikuwa amesikia ya kutosha. Alisema anampa pole kwa yaliyotokea, ila barabara ni ya watu wote. Akampiga faini ile ile ambayo angelipa siku ya kwanza.

Marcelo aliondoka bila kuaga. Januarius alisubiri kwenye korido apewe namba ya malipo, na ilipotoka alikuta Bujiku yuko mbele yake dirishani, simu mkononi.

"Hapana, Bujiku. Hiyo ni yangu."

"Nimeshalipa. Nimeuza mbuzi." Alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Usinikatalie. Ulitukimbilia sisi."

Walitoka nje kwenye jua. Januarius alikuwa na ufunguo wa gari mfukoni. Maige alikuwa amekwisha piga simu mara mbili, na kufika saa nane ufunguo ulitakiwa uwe mezani kwake. Bujiku hakujua hilo. Alitembea kando yake, anaongea juu ya mvua, juu ya palizi, halafu akashusha sauti.

"Nimeongea na Nyanjige jana. Akija mwingine wa kiume tutamwita jina lako."

"Msifanye hivyo."

"Kwa nini?"

Pikipiki zilipita, mama mmoja akawapisha na beseni la viazi kichwani.

"Mwenzio alikubali?" aliuliza Januarius.

"Hakusema kitu," alisema Bujiku. "Lakini atakubali."