Jiwe la Thelathini na Moja

Mjukuu wangu alinipeleka kutembea pwani kwa sababu daktari alisema nitembee, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na likizo ya siku tatu na hakutaka kuimalizia jikoni kwa mama yake. Ni muuguzi, ana miaka thelathini na miwili, na tangu akiwa mtoto mimi humwita mke wangu, naye huniita mume wangu mzee. Asubuhi hiyo alinikagua viatu kama anayekagua kidonda, akaniuliza kama kilomita sita nitaziweza. Nikamwambia akichoka aseme mapema, nisije nikambeba.

Tulianzia kwenye lango la ngome. Tulikuwa watu tisa, tukiongozwa na afisa wa mambo ya kale, mama wa makamo mwenye kofia pana na kijitabu alichokiandika mwenyewe. Kazi yake aliijua, siwezi kumnyima hilo. Alitueleza jinsi chokaa ilivyochomwa na kuiva, na aliposema kuta zile zina unene wa hatua tatu, nilibaki nyuma nikazipima, nikakuta ni kweli. Kutoka hapo tulifuata njia ya miguu inayopita ukingoni mwa jabali, bahari ikiwa chini upande wa kushoto, mpaka kwenye mnara wa taa. Penye changarawe mke wangu alinishika mkono. Nami nikajifanya ndiye ninayemshika.

Baada ya mnara, njia hushuka ufukweni kwa ngazi za mawe. Ngazi hizo ndizo zilizonitoa nyumbani, ingawa sikumwambia mtu. Miaka hamsini na miwili iliyopita, nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita, nilikuwa mmoja wa waashi wanne waliozijenga kwa ajili ya watu wa bandari, ili wahudumu wa mnara wapandishe mafuta ya taa kutoka kwenye mashua. Vidato sitini na vinne. Wenzangu watatu wameshatangulia. Nilitaka kuzishuka mara moja tena, na njiani nimwonyeshe mjukuu wangu nani alichonga lipi.

Tulizikuta zimefungwa kwa kamba. Kando palisimama kibao: NGAZI ZA KALE. USIKANYAGE.

Afisa alitueleza kwamba wiki ijayo kamba itaondolewa, uwekwe uzio wa chuma. Ufukwe utatazamwa kutoka juu. Anayetaka kukanyaga mchanga atazunguka kwa barabara ya magari, kilomita nane. Alisema anasikitika, lakini ngazi zile zilikuwa na umri sawa na ngome, na ushahidi ulikuwa alama zilizochongwa kwenye mawe. Akafungua kijitabu, akatuonyesha michoro. Mshale, alisema, ulikuwa dua ya mabaharia. Unyayo wa ndege ulikuwa alama ya ndege aliyeheshimiwa na watu wa zamani. Na jiwe la thelathini na moja, lililolika mbele hata likabonyea kama ndimi za ng'ombe zimelilamba, ndipo walinzi wa ngome walipokuwa wakinoa mapanga yao.

Nilimwacha amalize, kwa sababu nimefundishwa adabu. Kisha nikamwambia, "Samahani mama. Huyo si ndege wa kuheshimiwa. Ni kuku, na kuku huyo ni mimi."

Watu wakacheka. Nikaeleza kwamba kila mwashi alikuwa na alama yake ya machimboni, na yangu ilikuwa unyayo wa kuku. Kwamba mshale ulionyesha upande wa juu wa jiwe. Na kwamba hakuna mlinzi aliyenoa panga pale. Bwana mmoja mwenye miwani ya jua akaniuliza kama na ngome nimeijenga mimi. Nikamjibu kwamba ngome niliikuta, ila choo cha pale langoni alichoingia asubuhi ni cha kwangu, na kama kilimridhisha asinishukuru.

Mjukuu wangu alinivuta shati. Afisa hakucheka. Aliniita mzee wangu, akasema kwa upole kwamba majalada yote ya ngome ameyasoma na hakuna mahali palipotajwa ujenzi wa ngazi. Hapo nilimwamini. Majalada ya ngome yasingetaja kazi ya bandari. Akauliza kama nina picha, cheti cha kazi, au mtu wa kunishuhudia. Sina. Nikamwambia nitageuka niangalie baharini, aniulize alama ya kidato chochote nimtajie. Aliniuliza vitano, nikapata vyote. Lakini bwana wa miwani akasema alama zote zimo kwenye kijitabu, na kijitabu kinauzwa pale langoni.

Alikuwa na haki. Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo.

"Babu, twende," mjukuu wangu akasema kwa sauti ya chini. "Umeshasema. Inatosha."

Haikutosha. Kulikuwa na alama moja ambayo haimo katika kijitabu chochote, nami niliijua kwa sababu nilikuwa nimeikimbia miaka hamsini. Kuitaja kulimaanisha kutaja na yaliyofuata, mbele ya wageni, na mbele ya mtoto ambaye nimemlea akiamini kwamba babu yake hakosei kipimo. Nilisimama pale nikitafuta njia nyingine. Sikuiona. Na wiki ijayo wangeleta chuma.

Nikawaambia hivi. Jiwe la pwani ile lina matabaka, kama kurasa za kitabu. Linapaswa kulazwa jinsi lilivyokuwa limelala ardhini. Ukilisimamisha, kurasa zitaangalia mbele, na chumvi itazibandua moja baada ya nyingine. Ndiyo maana ya mshale: anayechonga machimboni anaonyesha juu ni wapi, anayejenga hana haja ya kuuliza. Wakati ule mchana nilikuwa machimboni, jioni nilikuwa darasani na watu wazima wenzangu, na mtihani ulikuwa umebaki siku mbili. Nilichonga jiwe la thelathini na moja huku nikikariri tarehe za wafalme. Mshale nikauchonga ukifuata kurasa badala ya kuzikata. Rafiki yangu aliyekuwa akijenga aliamini alama yangu, akaliweka kama ilivyosema.

"Mwaka wa tatu likaanza kumenyeka," nikasema. "Mnyapara alimlaumu yeye. Alitolewa kwenye ujenzi akawa mbeba mawe, mtu ambaye mkono wake ulikuwa bora kuliko wangu. Na mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nangoja cheo. Cheo nikakipata. Yeye amekufa akidhani alikosea kusoma mshale."

Nikamwelekeza afisa: kidato cha thelathini na moja, ubavu wa kushoto, pale jiwe linapogusa ukuta, chini ya chokaa. Atakuta unyayo wa kuku, na mshale ncha juu, sambamba na kurasa zilizosimama, jinsi rafiki yangu alivyoambiwa.

Alikitia kijitabu mfukoni. Kisha akainama, akapita chini ya kamba yake mwenyewe. Mjukuu wangu akamfuata bila kuambiwa, akammulikia kwa simu. Kutoka juu niliwaona wamechuchumaa, afisa akikwangua kwa ufunguo wa ofisi. Chokaa ya zamani huwa ngumu; ilimchukua muda. Nilijua alama ipo. Lakini mtu akikaa na jambo peke yake muda mrefu namna ile, huanza kuogopa kwamba aliliota.

Afisa akaacha kukwangua. Akapitisha kidole pale, akakirudisha, akapitisha tena.

"Upo," akasema. "Unaangalia juu, na kurasa zimesimama nao."

Mjukuu wangu aliniangalia kutoka kule chini. Sikuyakwepa macho yake. Anione jinsi nilivyo, nilijisemea, nimemficha vya kutosha.

Afisa alipanda polepole. Kijitabu kile kilimla miaka mitano, alisema, na sasa hajui kurasa ngapi zimebaki. Nikamwambia za ngome ziko sawa, nimepima. Alitabasamu kwa shida. Kisha akasema ataandika ripoti na uzio utasimamishwa, ila kwa leo hana mamlaka ya kufungua njia.

"Mimi ninayo," nikasema. "Niliambiwa nijenge ngazi za kupita watu. Sikuambiwa nijenge za kutazamwa."

Nikaifungua kamba ile kwenye nguzo. Niliikunja kwa kuizungusha kati ya kiwiko na kidole gumba kama tulivyokunja kamba za kupimia, nikamkabidhi. Aliipokea. Angeweza kumwita mlinzi wa mnarani, aliyekuwa akituangalia tangu mwanzo. Hakumwita. Alitoa kalamu, akaniuliza niandikwe vipi.

"Andika kwamba la thelathini na moja lilichongwa vibaya na mimi, na aliyelijenga hakuwa na kosa. Hilo la pili liandike kwa herufi kubwa. Hayo mengine sitini na matatu, mwenye kuona kasoro aje aninyooshee kidole."

Nikaanza kushuka. Bwana wa miwani ya jua alisogea kunipisha. Nilikanyaga katikati ya kila jiwe, si pembeni, na hayakutikisika. Nilipofika kwenye lile lililolika, mjukuu wangu alikuwa bado amesimama hapo. Nilidhani atauliza kwa nini. Aliuliza jina la rafiki yangu. Nikamwambia, na akanisogezea bega lake niegemee, akasema nisijifanye namshika yeye.

Nikaegemea. Nyuma yetu nikasikia viatu vya wale wengine vikiteremka.