Cinq crédits na mufuko ya barua

Bantu bangu, wekeni chini ile kitu munafanya. Hii yenye ilinifikia mwezi ya kwanza, hata mi mwenyewe nikiikumbuka nacheka na kukasirika pamoja, na nikiwaambia pahali ilinifikisha mutasema huyu Shekinah ametunga. Sijatunga. Barua zingine ziko hapa mbele yangu.

Bon. Miye niko rhéto, ile mwaka ya mwisho ya secondaire. Hapa Bruxelles kuko université moja inaacha banafunzi ba rhéto bafuate cours moja ya première année, mwaka ya kwanza, mercredi kisha midi, wakati masomo yetu imeisha. Ukifaulu examen ya janvier, banakuwekea cinq crédits, crédits tano. Ni kusema, mwaka yenye kuya, ukiingia université kabisa, ile cours umeshaimaliza. Ukianguka, basi. Hakuna deuxième session kwa batoto ba rhéto. Mara moja tu.

Ku école yetu ya Anderlecht, mi peke yangu njo nilichaguliwa. Directrice alinipigania. Na munajua juu ya nini nilizitaka ile crédits na roho yote? Juu mu troisième, mwaka ya tatu ya secondaire, professeur moja aliambia papa yangu, na mi niko pale pale: "Tumutafutie Shekinah kitu kifupi, université itamulemea." Sikulia. Niliandika ile maneno mu téléphone, na date. Ingali humo.

Cours nilichagua ni Introduction au droit. Introduction! Banakuonyesha mulango ya sheria, hujafika hata ku salon.

Sasa, papa yangu, Papa Donatien. Aliona barua ya université na jina yangu juu, akaikamata, akaitia mu Biblia, na dimanche ku kanisa, wakati ya témoignages, ya kushuhudia, akaomba micro. Mi niko mu chorale, nasikia:

"Bapendwa, Mungu iko mwema! Mutoto yangu, miaka dix-sept, iko université! Anasomea sheria! Tuko na avocate mu hii kanisa!"

Kanisa yote ikasimama. Vigelegele. Synthé, kinanda ya kanisa, ikaanza. Mi namufanyia papa na mikono: hapana, papa, hapana! Ba maman baliona mikono yangu, bakafikiri nacheza, nabo bakainua yabo.

Mu gari nikamuambia, "Papa, ni cours moja. Moja! Sijamaliza hata secondaire."

"Université haiko université?"

"Ni université, lakini..."

"Unasoma sheria ao hausome?"

"Nasoma, papa, lakini..."

"Basi. Lakini ya nini? Usikuwe unajipunguza mbele ya bantu."

Kutokea ile dimanche, nikaisha. Munajua vile tuko na barua, sisi bageni ba hapa. Enveloppe ya commune, ofisi ya mji, ikifika, muntu haifungue. Anaipeleka kwanza kwa mwenye anajua. Sasa mwenye anajua nikakuwa mi. Kisha culte, ile ibada, mulolongo. "Avocate, angalia hii." "Maître, dakika kiloko tu." Maître, vile banaitaka ba avocat. Tonton Rigobert, muntu mukubwa hivi, chauffeur ya bus, haogopake kitu, alikuya jasho inamutoka na enveloppe yenye alificha wiki mbili chini ya matelas ya kitanda.

"Maître, tribunal inaniita."

Nikafungua. Publicité ya madirisha.

"Tonton, banataka kukuuzisha madirisha."

"Na nikikataa, banaweza kunifunga?"

Nilichoka. Nikamuambia papa asimame tena dimanche, aseme ukweli. Yeye akafanya nini? Akaleta mufuko. Ile mukubwa ya plastique, ya magasin. Akasimama ku mulango ya kanisa, anakusanya. "Avocate iko anasoma, musimusumbue. Achieni humu, atajibia." Atajibia! Ule mufuko akauleta ku nyumba, akauweka chini ya kitanda yangu, na kila dimanche unanenepa. Mi nikaapa siufungue. Niko na examens za école, niko na syllabus, kitabu ya cours, ya pages mia tatu, siko secrétariat ya kanisa. Nikausukuma na muguu mpaka ku ukuta.

Ile muguu, ngojeni.

Jeudi ya examen, tarehe seize, kumi na sita. Inaanza neuf heures, saa tatu ya asubuhi, inaisha midi, saa sita. Sept heures et demie, saa moja na nusu, navaa viatu, téléphone inalia. Ni Maman Émérance, maman ya Bukavu, wa mu kanisa yetu. Anachunga bazee mu home moja kule Uccle. Muntu ya sauti polepole, hajaniita maître hata siku moja.

"Shekinah mwanangu, samahani kwa asubuhi. Ile dossier yangu ya nationalité, commune balikujibia?"

"Dossier gani, maman?"

"Ile niliachia papa yako mwezi ya kumi na moja. Anasemaka ulishaipeleka."

Nikaingia chini ya kitanda na chemise nyeupe ya examen. Nikamwaga mufuko yote mu chumba. Madirisha, madirisha, mutuelle ya hospitali, madirisha, commune. Nikasoma. Dossier ya kuomba uraia haijatimia, inakosa attestation, cheti ya kazi, original. Kisha deux mois, miezi mbili ikipita, demande inakataliwa. Nikahesabu na vidole, nikahesabu tena. Deux mois inaisha leo. Guichet, dirisha ya commune, inafungua neuf heures, inafunga midi, na inataka mwenye dossier akuye mwenyewe. Na attestation ilikuwa mule mule mu enveloppe, imekunjwa vizuri, na tampon, muhuri ya home. Ilikuwa inangoja tu muntu ya kuifikisha.

"Maman, ni leo. Toka sasa hivi, kuya ukamate!"

"Niko peke yangu ku étage, mwanangu, na bazee kumi na mbili. Mwenzangu anafika dix heures et demie. Nitabaacha na nani?"

Papa? Iko kazi ku dépôt, téléphone anafungiaka mu casier, kasanduku ya kufuli. Mama? Iko kazini, Anvers, mji ingine. Maman Émérance akitoka Uccle kisha dix heures et demie, saa nne na nusu, apite kwetu, kisha arudie Koekelberg ku commune yake, hafike mbele ya midi. Akienda moja kwa moja, anafika. Lakini muntu amungojee kule na karatasi. Muntu gani? Maître!

Nilikasirikia papa. Nilikasirikia synthé. Zaidi ya yote nilikasirikia ule muguu yangu.

Nikamuambia maman tukutane ku guichet mbele ya midi, nikaweka enveloppe mu sac, nikaenda ku examen. Maulizo tano, kila moja quatre points, nne. Na, nawaapia, ulizo ya tatu ilikuwa juu ya délais, siku ya mwisho ya kupeleka karatasi. Délais! Niliijibia na kasirani mpaka bic ikatoboa karatasi. Nikainua macho: dix heures quarante, saa nne na dakika makumi nne. Zilibakia maulizo mbili, na zote mbili nilizijua. Nilizijua! Nikasimama.

"Mademoiselle," surveillant ananiambia polepole, "ukitoka, haurudie."

"Najua, monsieur."

Nikakimbia. Metro, ngazi, njia, tena ngazi. Maman Émérance alikuwa mbele ya guichet na blouse yake ya kazi, hakubadilisha hata viatu. Tampon ilianguka ku karatasi onze heures quarante-huit, ilibakia dakika kumi na mbili. Akanikumbatia, ananuka sabuni ya home.

"Na école yako, mwanangu? Haukukosa kitu?"

"Hapana, maman. Leo niko libre, sina masomo."

Wiki tatu kisha, points zikatoka mu téléphone. Neuf sur vingt, tisa juu ya makumi mbili. Neuf! Na maulizo tatu tu! Kufaulu ni dix, kumi: ilikosa point moja. Nilizima téléphone, nikaiwasha, ingali neuf. Papa akiniuliza, namujibia: "Hazijatoka."

Sasa, dimanche. Maman Émérance anaomba micro, yeye mwenye hasemake. "Commune imekamata dossier yangu! Imetimia! Na ni huyu mutoto alinikimbilia!" Kanisa juu. Synthé. Papa anamupokonya micro, machozi mu macho.

"Ni siku gani hiyo, maman?"

"Jeudi, tarehe seize."

"Seize? Lakini seize njo alifanya examen! Bapendwa, munasikia? Alifanya examen, na alisaidia maman, siku moja! Shekinah, kuya hapa. Ambia kanisa points ulipata."

Micro iko mu mukono yangu. Synthé imenyamaza. Maman Émérance hacheke tena, ananiangalia, midomo inatembea kiloko, anahesabu: jeudi, seize, onze heures quarante-huit. Nikisema neuf, atajua ile point ilienda wapi, na ataibeba ku roho mpaka kesho ku bazee bake. Nikisema quatorze, kumi na nne, uongo, papa yangu, mwenye iko na mufuko mupya ku mulango, naona plastique yake kutoka hapa, ataujaza mbele ya midi.

"Sema, maître!" Tonton Rigobert anapiga kelele kule nyuma.

Weye mwenye unasoma, ungekuwa na ile micro, ungesema nini?