Kijiko cha Chiriku

Kling, kling, kling. Kijiko kiligonga kikombe gizani, na Mama Chiriku akajua bado yu hai.

Kila alfajiri ilikuwa hivyo. Mumewe, mwashi mwenye viganja vilivyokauka kwa saruji, alikoroga sukari kwenye maji kabla hata ya kuwasha taa, akamwinua mkewe kichwa na kumnywesha. Siku akichelewa, mwanamke huyo aliamka si yeye. Alisema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, akarusha mashuka huku na huku. Mara moja alimwita mama mkwe wake mbuzi.

"Mbuzi kabisa!" mama mkwe alipenda kuwakumbusha. "Na ndevu akaniwekea!"

Walicheka, ila kicheko chenyewe hakikufika tumboni. Majirani walishasema analewa kwa siri. Alishamezeshwa dawa za kifafa mpaka akawa hawezi kutunga uzi kwenye sindano, na cherehani ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mwishowe mke na mume wakamfundisha binti yao, ambaye jina la Chiriku alilipata kwa kutofunga mdomo tangu ajue kusema: mama akitokwa jasho na kuanza kuropoka, sukari kwanza, maswali baadaye. Mtoto akapewa kopo lake la glukosi na kijiko cha plastiki. Alitembea navyo kama askari na bunduki yake.

"Tatizo liko kwenye kongosho," alisema daktari wa homoni walipomfikia hatimaye. Alikuwa mwanamke mpole asiyezunguka na maneno. "Kuna kivimbe humo, pengine kidogo kama punje ya harage. Kinamwaga insulini ovyo, umekula hujala, nayo inaimaliza sukari ya damu. Ubongo unabaki na njaa."

"Si kitolewe basi," alisema mume.

"Picha hazijakionyesha. Na daktari wa upasuaji hafungui tumbo la mtu kwa kubahatisha. Anataka damu iliyochukuliwa wakati sukari imeshuka chini kabisa. Kwa hiyo mama, tutakulaza, na hutakula kitu. Tutakaa hapo tunangoja uanguke."

Daktari huyo wa upasuaji alikuwa mgeni. Hospitalini hapakuwa na mwingine wa kazi hiyo, na siku zake za kukaa hapo zilikuwa zinakwisha.

Mama Chiriku akajikaza. Alikunywa maji matupu, akachomwa vidole mpaka akaona tabu kuvikunja. Siku ya pili, saa ya kutazama wagonjwa, mume na mtoto walikuwa wameketi kando ya kitanda sista alipochungulia kipimo, uso ukamchangamka.

"Inashuka, mama. Inashuka vizuri."

Jasho likaanza. Dari ikawa kama inapumua. Kwa mara ya kwanza katika maradhi yake yote, Mama Chiriku akafurahi kuanguka.

"Baba, mkimbilie daktari, yuko chumba cha mwisho!" sista alisema. "Mimi nachukua chupa za damu." Wakatoka mbio, huyu huku, yule kule.

Alibaki na mtoto. Alitaka kumwambia, leo usinipe kitu, mwanangu, leo niache. Ulimi ukatoa lake.

"Mbuzi," alisema. "Mbuzi kaingia."

Kisha giza.

Utamu ndio uliomrudisha. Ulikuwa kwenye fizi, chini ya ulimi, chengachenga midomoni, na kabla mtu hajafungua kinywa yeye alishajua. Sista alisimama na chupa zake tupu. Daktari alimchoma kidole, akasoma, akakaa kitandani.

"Imepanda. Damu hii haitathibitisha kitu tena."

"Tuanze upya," mume alisema. "Sasa hivi."

"Tutaanza upya, tangu mwanzo. Lakini mwenzetu wa upasuaji anaondoka kesho asubuhi, na sijui lini atarudi. Nisikudanganye, sijui kama atarudi."

Mwashi akaliona kopo mapajani mwa mtoto. Akafungua mdomo, na mkewe akamdaka mkono kwa nguvu kidogo alizokuwa nazo.

"Usimwambie," alinong'ona. "Baba Chiriku, nakuomba. Asijue maisha yake yote."

Aliziona alfajiri zote zinazokuja, kijiko na kikombe, kijiko na kikombe, hadi ile moja ambayo mwanamume huyu, kwa uchovu wa zege tu, atapitiwa na usingizi. Mume akageukia ukuta.

Chiriku akapanda kitandani, unga mweupe umemganda kidevuni. Akawatazama wakubwa waliokaa kimya, akadhani wanangoja maelezo.

"Baba, leo nimemwamsha mama peke yangu."