Shamba la Mjane wa Matombo

Mwamvita aliutazama mkanda ule wa filamu mara mbili, na mara zote mbili alitaka kuipiga televisheni kofi. Sasa mtengenezaji wa filamu hiyo, Evance wa Dar, alikuwa mbele yake, mgeni katika kipindi alichokiendesha Mwamvita cha kuchambua filamu kwenye redio mpya ya mtu binafsi mjini Morogoro. Nyuma ya kioo mwenye redio alikuwa akitabasamu, maana Evance alikuwa ameahidi kuleta matangazo.

"Filamu umeirekodi Matombo, nilikozaliwa," Mwamvita alianza. "Mume anakufa, mashemeji wanamfukuza mjane shambani. Hayo ulimwuliza nani?"

"Dada, mambo hayo yapo kila mahali."

"Matombo hayapo! Sisi Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mume ndiye aliyekuja na jembe lake begani. Umemliza mwanamke kwenye shamba la bibi yake mwenyewe!"

"Lakini watu wamelia ukumbini."

"Wamelia Dar. Kwetu wamecheka."

Tabasamu la nyuma ya kioo likayeyuka. Mwenye redio akaingia akinyata, akaweka karatasi mezani, akatoka. Mwamvita akaisoma kimoyomoyo, kisha akaivuta maikrofoni.

"Wasikilizaji, bosi wangu ameniandikia hivi: 'Msifie, au hiki ndicho kipindi chako cha mwisho.' Nimekuelewa, mzee. Basi kama ni cha mwisho, bado tuna dakika ishirini, na mimi sina haraka. Haya, mgeni wangu, wajibu watu: lile shamba lilikuwa la nani?"