Fundi wa Ukurasa wa Kumi na Nne

Fundi wa boila alipigwa picha moja tu kazini, kidole kimeelekea valvu ya usalama. Aliyeipiga ni mkewe, mwandaaji wa miongozo ya kiwanda, na picha ilitoka safi hata maneno yaliyochongwa kwenye valvu yalisomeka: GEUZA KUSHOTO. Ukigeuza kulia, mvuke unakuja usoni. Fundi alikuwa na kovu shavuni la kuthibitisha hilo.

Jumatatu meneja alikataa kuipokea kwenye diski. "Nirushie kwa simu, mama, mambo ya kisasa." Jioni fundi alirudi nyumbani amefifia mashavuni. Mkewe akadhani vumbi, akampa maji anawe. Wapi!

Jumanne meneja aliivuta picha kwa upande mmoja ijaze ukurasa wa kumi na nne wa mwongozo wa boila. Saa hiyohiyo fundi akapanuka, urefu uleule, vifungo vya shati vikaruka.

"Ndoa imekukubali!" wakamtania watu wa ghala.

"Nimevutwa tu," akajibu, akaomba kamba ya kufungia suruali.

Jumatano mwongozo ukapunguzwa uzito ili upite kwenye barua pepe. Fundi akafika nyumbani miraba mitupu, kuanzia kifuani kwenda juu, na kile kidole pia.

"Baba, jicho liko wapi?" akauliza binti yake.

"Hesabu mraba wa tatu kutoka kushoto. Haya, kula."

Mama mtu akasogeza sahani yake pembeni. Lile kovu alilipaka dawa kwa mkono wake miezi miwili. Alilipenda, na sasa halionekani. Asubuhi akamshika mumewe mkono wakaingia kwa meneja.

"Bosi, rudisha picha ya asili. Usiirushe, usiivute. Mume wangu sura imekwisha."

Meneja akamkagua fundi. "Mbona anaonekana vizuri tu? Fundi, hujambo?"

"Sijambo, bosi."

"Basi nisomee hapo kwenye valvu," akasema mke.

Meneja akausogeza ukurasa puani, akaupeleka mbali, akaugeuza. "Mteja ataelewa, kwani ni mtoto? Yako nzito, mama. Hii nyepesi."

Nakala elfu mbili zikachapwa. Mke akaitundika picha ya asili ukutani nyumbani, juu ya meza. Ikawa fundi akikaa chini yake sura inarudi, kovu na vyote, kwa hiyo akahamishia kiti chake hapo na maisha yakaendelea.

Wiki iliyofuata mteja wa kwanza akapiga simu. Boila ilikuwa inanguruma, na yeye ameshika valvu: aigeuze wapi?

"Fungua ukurasa wa kumi na nne," meneja akamwambia. "Fuata kidole cha fundi."

Fundi alikuwa mlangoni. Akanyoosha kidole, miraba minne ikaelekea pande nne.

"Kushoto!" akapiga kelele. "Mwambie kushoto!"

Meneja akaziba simu kwa kiganja. "Taratibu basi, fundi. Naongea na mteja."