Swali la Mistari Minne

Mwaka 2013 Kefa, fundi wa kompyuta wa Tunduma, alimwandikia programu Mchungaji Nikodemo wa Iyula, aliyekuwa akikusanya maneno ya Kinyiha, lugha ya huko. Violet, karani wa Mchungaji, alikaa na Bibi Nesta, mzee aliyeijua lugha hiyo vizuri, akachapa moja kwa moja alichosimulia. Kila alipohifadhi, programu iliiamuru diski iandike papo hapo, maana umeme wa Iyula haukuaminika.

Si kila diski huiweza amri hiyo. Programu inaweza kuiuliza kwanza draiva, ile sehemu iliyo ndani ya kiini cha mfumo inayozungumza na diski, inaweza lipi na haiwezi lipi. Kefa alilijua hilo. Akaliruka, kwa kuwa kwenye kompyuta yake mambo yalikwenda sawa. Draiva ya Iyula iliipuuza amri kimyakimya, huku skrini ikisema "imehifadhiwa".

Mchana mmoja umeme ukakatika, faili likaharibika. Maneno mia nne ya Bibi Nesta yakapotea, na bibi alishazikwa.

Mchungaji alisema Violet ndiye aliyezima kompyuta vibaya, akamsimamisha kazi. Violet akampigia Kefa kumuuliza kama kweli ni yeye. Kefa akajibu tu kwamba mambo hayo hutokea.

Tangu hapo hakupata raha. Akairekebisha programu iulize kwanza, na draiva ikikataa, imwambie mtumiaji na kufuata njia nyingine. Swali lenyewe lilichukua mistari minne. Aliitazama mistari ile, akaona haya peke yake.

Akaenda Iyula, akamkuta Violet shambani akichuma kahawa.

"Dada Violet, kosa lilikuwa langu."

Akamweleza yote. Violet hakuacha kuchuma.

"Siku nilipokupigia, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Basi usiniambie mimi. Kamwambie Mchungaji, nami nikiwepo."

Walikwenda pamoja. Mchungaji Nikodemo alisikiliza hadi mwisho, akamwomba Violet msamaha na kumsihi arudi kazini. Violet akasema atamaliza kahawa kwanza.

Alasiri ile Violet alijaribu kukumbuka, Kefa akiandika kwa mkono. Yalipatikana maneno thelathini na sita. Mengine waliwauliza wazee wa Iyula hadi kijiji jirani cha Ruanda, na mengi hakuna aliyeyajua.