Kilomita Kumi na Nne

Mume wangu simuulizi maswali. Wanawake wanaouliza maswali wanajibiwa uongo, halafu wanalia, halafu wananunuliwa kitenge, basi yanaisha. Mimi nilikuwa naenda kwenye gari, nasoma kilomita. Gari halijui kumtetea mtu.

Bujiku ni daktari wa mifugo. Ana duka la dawa za ng'ombe hapa Bariadi, lakini siku nyingi yuko barabarani na Hilux yake, leo Maswa, kesho Meatu, anachanja, anahasi, anazalisha ndama waliokwama. Ni mrefu, mpole, anacheka taratibu, na kila boma analoingia anapewa maziwa na kiti cha kivulini. Mwanamume wa namna hiyo umwache atembee hivihivi bila hesabu? Thubutu! Na hesabu ndiyo kazi yangu, naifundisha kidato cha pili.

Kwa hiyo nilisafiri naye kila njia mara moja, nimekaa pembeni namenya machungwa, najifanya naangalia pamba za watu. Maswa kwenda na kurudi, tisini na sita. Lingeka, kule Meatu, kwenda tu, mia moja thelathini na mbili. Nikaziweka kichwani. Asubuhi kabla hajaondoka naziona, jioni akiingia kuoga nachukua funguo juu ya friji, natoka na ndoo kwenda kuosha kioo cha mbele. Nageuza ufunguo kidogo tu, dashibodi inawaka, nasoma, natoa. Majirani walikuwa wananisifu kwa kumtunzia mume gari. Miaka mitatu, na miaka yote mitatu hesabu zilikaa sawa, nikalala usingizi wangu.

Halafu ikaja mvua ya mwezi wa nne. Bujiku akanasa kwenye udongo mweusi kule Meatu siku mbili, akalala ndani ya gari na chanjo zikaharibika. Aliporudi aliinua springi, akatoa matairi ya zamani, akafunga mengine makubwa, yamejaa meno, yananifika kiunoni. Mimi nilifurahi jamani. Nilikuwa nikipanda lile gari naona paa za nyumba za watu.

Safari ya kwanza ya Lingeka na matairi hayo, aliporudi nikatoka na ndoo yangu. Kwenda na kurudi zilitakiwa mia mbili sitini na nne. Zilikuwa mia mbili thelathini na sita.

Nikatoa tena kichwani. Nikaingia ndani nikatoa kwa kalamu. Kilomita ishirini na nane hazipo. Gawa kwa mbili, kumi na nne. Yaani mume wangu alifika mahali, akabakiza kilomita kumi na nne, akageuza.

Sasa sikia kitu kinachouma. Kilomita kumi na nne kabla ya Lingeka kuna kituo cha kununulia pamba, na karani wa kituo hicho, anayeishi palepale, ni Philomena. Huyo Philomena ndiye Bujiku alikuwa amuoe kabla yangu. Posa ilikwenda, wazee walikula, mambo yakavunjika sijui kwa nini, ndipo nikapatikana mimi. Kila mtu ukoo mzima anamsifu mpaka leo, alivyokuwa na heshima, alivyokuwa anapika. Mama mkwe alishawahi kuniita kwa jina lake.

"Ulifika Lingeka?" nilimuuliza mezani. Ndiyo, niliuliza, nilishindwa kujizuia.

"Nilifika. Nimechanja ng'ombe mia mbili, mkono hauinuki."

Akapiga miayo. Nikamwangalia anavyotafuna, nikasema moyoni, mwongo wewe, mkono umechoka kwa kazi gani?

Wiki zile chanjo zote zilikuwa za Lingeka, kwingine hakwenda. Safari ya pili, mia mbili thelathini na sita. Ya tatu, mia mbili thelathini na saba. Wivu ulinishika nikawa siwezi kula. Darasani nilimchapa mtoto aliyesahau kupigia mstari jibu, mimi ambaye sichapi. Wakati huohuo Bujiku analalamika kwamba trafiki wanamwonea. Geji inasoma hamsini, yeye anaenda hamsini, tochi yao ya kupimia spidi inamsoma hamsini na sita. Na kuna taa ya breki imewaka kwenye dashibodi haizimi. Mimi nilijibu, "Labda una haraka ya kwenda mahali." Hakuelewa. Au anajifanya haelewi, nikasema, wanaume hawa.

Msimu wa kununua pamba ulipofunguliwa, Jumamosi moja nikapanda basi, nikamalizia kwa bodaboda hadi kituoni kwa Philomena. Foleni ilikuwa ndefu, wakulima na mizigo yao ya pamba, na yeye amekaa kwenye mizani na daftari, amenenepa vizuri, ngozi inang'aa. Hata vumbi la pale lilikuwa halimgusi. Roho iliniuma.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama, akidhani nimeleta pamba.

"Salamu yako kaa nayo! Mume wangu unamlisha nini hapa, hata hafiki kazini kwake?"

Mizani ikasimama. Mzee mmoja aliketi juu ya mzigo wake asikie vizuri. Nikamwaga yote, mbele ya watu wote wale, kilomita kumi na nne, safari tatu, nikamwita majina ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Philomena alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mume wako ni Bujiku?"

"Kwani unao wangapi?"

"Bujiku hasimami hapa," akasema. "Anapita mbio anatuachia vumbi. Mwaka jana ng'ombe wangu alishindwa kuzaa, nikampigia simu akiwa njiani anakuja Lingeka. Akaniambia, samahani, mke wangu hatapenda nisimame kwako, ngoja nikutafutie mwenzangu. Mwenzake akachelewa. Ng'ombe akafa na ndama tumboni. Sasa, mayu, pisha watu wapime pamba."

Hakupaza hata sauti. Hicho ndicho kilichonichoma zaidi.

Habari zilinitangulia kwa simu. Niliposhuka stendi ya Bariadi Bujiku alikuwa ameegesha ananisubiri, mikono ipo juu ya usukani.

"Panda," akasema. Nikapanda. "Kilomita kumi na nne ni kitu gani?"

Nikamwambia. Nilidhani nitasema nusu, lakini nikishaanza mimi siwezi kuishia katikati. Ndoo, kioo, funguo juu ya friji, miaka mitatu. Alisikiliza anaangalia mbele. Nilipotaja mia mbili thelathini na sita aligeuka akanitazama, halafu akawasha gari, na badala ya kwenda nyumbani akashika barabara ya Lamadi mpaka gereji kwa Goodness.

Goodness nilikuwa namsikia tu, fundi mwanamke wa umeme wa magari, amekuja mwaka jana kutoka Mwanza na kompyuta yake. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ni mzuri kiasi kile. Ovaroli imemkaa kama ameshonewa ya harusi, rasta amezifunga juu, anamwita mume wangu "dokta" huku anatabasamu. Loo! Nikasahau Philomena palepale.

"Dokta, si nilikwambia wiki ile ulete gari?" akasema. "Umebadilisha tairi, kompyuta ya gari haijui. Taa itazimikaje?"

Wiki ile. Kumbe walishaonana wiki ile.

"Mweleze mwalimu," Bujiku akasema. "Taratibu. Kuhusu kilomita."

Goodness alivingirisha tairi letu la zamani kutoka kwenye rundo la matairi yaliyoachwa pale gereji, akalitia alama ya chaki, akalisukuma sakafuni mzunguko mmoja, akapima. Mita mbili na sentimita thelathini na tatu. Kisha akapima lile jipya hivyohivyo. Mita mbili na sentimita sitini na moja.

"Gari haliioni barabara, mwalimu. Linahesabu mizunguko tu. Kila mzunguko lenyewe linadhani bado ni huu mdogo. Kwa hiyo ukienda mbali, linakuandikia pungufu. Na spidi vilevile, ndiyo maana tochi inamkamata."

Hakuhitaji kumaliza. Mzingo wa duara! Nafundisha mzingo wa duara kila mwaka, na chaki, na kamba, na mkebe wa rangi. Mzunguko mpya gawa kwa wa zamani, moja nukta moja mbili; mia moja thelathini na mbili gawa kwa hiyo, unapata mia moja kumi na nane kasoro kidogo. Lingeka yote ilikuwepo, haikupungua hata hatua. Nilitamani sakafu ile yenye oili inimeze. Nilimdhalilisha mtu mbele ya kata nzima kwa swali ambalo watoto wangu wa kidato cha pili wangelipata.

Goodness akachomeka waya chini ya usukani, akafungua kompyuta yake, akaandika saizi ya tairi, akasubiri, akazima gari, akawasha. Taa ikapotea. Halafu wakatoka kujaribu barabarani, wao wawili, yeye ameshika simu alinganishe spidi ya setilaiti na ya geji. Mimi niliachwa kwenye benchi pembeni ya betri mbovu. Walikaa dakika kumi na saba. Ndiyo, nilihesabu. Waliporudi Goodness alikuwa anacheka.

"Sasa inasema kweli," akaniambia.

Nyumbani Bujiku hakuingiza gari. Alizima nje ya geti, tukakaa humohumo ndani.

"Ng'wana Maganga," akasema. Ananiita hivyo kwa jina la baba mambo yakiwa mazito. "Mimi nimepita kituo kile miaka yote bila kusimama, kwa ajili yako. Nimemwacha ng'ombe wa mtu afe. Nilidhani unajua."

"Nisamehe."

"Nimesamehe. Lakini siku utakayochungulia tena kilomita zangu, nakurudisha Maswa kwa baba yako. Na wale ng'ombe kumi na wanane niliowatoa, simdai hata mmoja."

Kama wewe si wa kwetu unaweza kudhani hiyo ni huruma. Mwanamke akirudishwa, ng'ombe wanadaiwa, watu wanakaa, wanabishana, inajulikana kwamba alikuwa na thamani. Kurudishwa bure, bila kudaiwa hata mguu wa ndama, ni kama kurudisha chupa tupu. Baba yangu asingeinua uso tena mnadani.

Nikaapa. Nikamshika mkono nikaapa kwa jina la Bwana, na nilimaanisha.

Wiki mbili sikugusa zile funguo. Kioo kikachafuka. Kisha Goodness akapiga simu jioni moja, nikaona jina kwenye kioo cha simu ya mume wangu ikilia mezani. Bujiku akaongea naye uani. Alisema ni habari za taa ileile, alete gari aangalie. Taa si ilizimika? Niliona kwa macho yangu ilizimika! Usiku kucha nilikuwa naona rasta zile.

Alhamisi akaenda Maswa. Asubuhi nilichungulia kilomita, mara moja tu, nilijiambia. Jioni akaingia kuoga, nikaona tena. Tisini na nane. Kilomita mbili zimezidi, na kutoka kona yetu hadi gereji ya Goodness ni kilomita moja kamili. Nikarudisha funguo juu ya friji.

Nilimwandalia ugali na sato, nikaketi mbele yake, nikajikaza. Alikula taratibu, akasifu samaki, akaniuliza habari za shule.

"Maswa nako kumenichosha," akasema. "Kilomita tisini na sita tu, mgongo kama nimetoka Dar."

"Tisini na nane," nikasema.

Ilitoka yenyewe. Niliisikia ikishatoka.

Bujiku hakukasirika. Aliweka chini tonge alilokuwa ameshalifinyanga, akavuta bakuli la maji akanawa, kidole kimoja kimoja.

"Nilizunguka mtaa huu mara mbili makusudi kabla ya kuingia getini, zitimie mbili za ziada," akasema. "Nilikuwa naomba Mungu useme tisini na sita, au usiseme kitu."